Uzito wa Kunong'onezwa

Nimeng'oa meno Newala kwa miaka mingi, na kila kazi huanza na mzani. Dawa huuliza uzito. Kiti cha meno nacho kina kibati chini yake kinachotaja mwisho wa mzigo wake. Kiti chetu ni chakavu, nami sikiamini hata kwa watu wembamba.

Mama mmoja, mpika vitumbua wa sokoni, alikuja shavu limevimba hadi chini ya taya. Alikuwa mnene wa kupita mlangoni kwa ubavu. Gego lake la chini, upande wa kulia, lilikuwa limeoza, na usaha ulikuwa ukishuka kuelekea kooni. Uvimbe wa namna hiyo ukifika kooni huziba pumzi. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka.

"Ng'oa, mwanangu," akasema. "Ila kwenye mzani sipandi."

Sababu nilielezwa na binti yake aliyemsindikiza. Msimu wa korosho uliopita walikwenda zahanati moja kwa jino hilohilo. Mzani wa pale ulikuwa na mwisho, naye aliuvuka. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akampeleka ghalani, kwenye mzani wa magunia. Sasa, ghalani karani hapimi kimya. Hutaja kilo kwa sauti, mkulima asikie na foleni nzima iwe shahidi, maana karani tunamjua, asipobanwa atapunja. Basi akamtaja yule mama kama anavyotaja gunia. Foleni ikapiga makofi. Mama akarudi nyumbani na jino lake, akalilea mpaka likataka kumuua.

Nilikasirika. Karani alikuwa kazini, sina neno naye. Yale makofi ndiyo yaliyonikera.

"Leo hatupimi," nikamwambia. Ganzi ya jino moja ni kidogo, haimsumbui mtu wa mwili ule. Tatizo lilikuwa kiti, na kumlaza chali. Mtu mnene akilala chali pumzi humbana, na yake ilikuwa ya mashaka tayari. Kwenda hospitali kubwa ya Ndanda alikataa, akasema huko nako kuna mzani.

Nikaziangalia nywele zake. Zilikuwa zimesukwa mistari, safi kabisa. Nikamuuliza husukiwa wapi.

"Chini, mkekani. Kwani wengine husukiwa wapi?"

Tukatandika mkeka, juu yake nailoni. Akakaa, miguu kainyoosha. Mimi ni mwanamke mwenzake, hapakuwa na wa kumwonea haya. Nikakaa kwenye benchi nyuma yake, akakiegemeza kichwa pajani pangu kama anayesubiri kusukwa. Gego la upande ule hung'olewa daktari akiwa nyuma, hata kitini, kwa hiyo mkono wangu haukupotea. Ulitoka usaha, kisha jino. Akasukutua kwa maji ya kidumu alichokuja nacho, maana bomba letu lilikuwa kavu kama kawaida. Nilipotaka kumwinua akanizuia.

"Niache, kuinuka najua." Akageuka akapiga magoti, akashika benchi, akasimama.

Uvimbe ukanywea. Baada ya wiki chache akarudi mwenyewe, na jino la pili. Safari hii nilikuwa nimenunua Masasi mizani miwili midogo ya nyumbani. Mtu huweka mguu mmoja huku, mwingine kule, nami najumlisha. Sikumtajia. Aliiona mwenyewe, imeegemezwa ukutani, akaikazia macho.

"Funga mlango," akasema. "Nipime. Ila uniambie sikioni."

Akapanda. Nikajumlisha, nikainama, nikamnong'oneza.

Kisha akaangua kicheko mpaka pengo nililomwachia likaonekana.

"Kumbe yule karani alinipunja!"

Kiti hakikumtosha. Nikatandika mkeka.