Verlyn na Dohani ya Mzee Sletten

Watu wa Duluth, mji wetu wa baridi kando ya ziwa kaskazini mwa Marekani, hawamsifu fundi. Akifanya kazi mbaya wanamtaja kanisani. Akifanya nzuri wanamwita tena baada ya miaka ishirini. Verlyn Haugstad ameitwa tena na nyumba nyingi za mtaa wetu wa mlimani, na hiyo ndiyo sifa yake yote.

Kazi yake ni kung'oa matanuri ya zamani yanayopasha nyumba joto na kuweka mapya, pamoja na viyoyozi kwa wale wanaovitaka. Ni mtu mrefu, mkimya, aliyepita miaka sitini, na magoti yake hulia akipanda ngazi. Ukimwita, kwanza huipima nyumba: madirisha, kuta, dari, hata kijimlango cha mbwa. Kisha hukaa jikoni kwako, hunywa kahawa, hupiga hesabu, halafu hukwambia kuwa tanuri lako lilikuwa kubwa mno na atakuwekea dogo. Wengi huudhika. Mtu aliyezoea sahani kubwa hapendi kuambiwa kwamba alikuwa anakula kupita kiasi, hasa ikiwa ni kweli.

Mifereji ya bati ya kupitishia hewa huikunja mwenyewe katika karakana yake. Kila kiungo hukipaka gundi nzito ya kijivu, hata kile kitakachofunikwa na ukuta kesho yake. Mteja mmoja aliwahi kumcheka mbele yangu: "Huko nyuma nani ataangalia, bwana?" Verlyn akajibu, "Hewa," akaendelea kupaka. Sina la kuongeza. Tuna watu wengi siku hizi wanaofanya kazi kwa ajili ya macho ya mkaguzi, na mkaguzi ana macho mawili tu.

Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, aliitwa na jirani yangu Arne Sletten, mstaafu wa gati la kupakilia madini. Arne na Verlyn wamecheza karata pamoja kila Alhamisi tangu wote wawili wakiwa na nywele. Tanuri la Arne lilikuwa limepasuka ndani na halikuweza kutengenezwa. Mkewe, Ardis, alitaka na kiyoyozi, kwa sababu wakati wa kiangazi moshi wa misitu ya Kanada inayoungua hushuka mpaka kwetu, madirisha hufungwa, naye ana pumu.

"Joto letu ni la wiki tatu," Arne alisema. "Mtu anaweza kuvumilia wiki tatu."

"Wewe vumilia," Ardis akasema. "Mimi nitapumua."

Kazi ilikwenda vizuri. Mashine ya nje ya kiyoyozi ilikalishwa juu ya zege lililosawazishwa kwa pimamaji. Tanuri jipya lilipowashwa lilikuwa kimya kiasi kwamba Arne alishuka mara mbili chumba cha chini kuhakikisha kuwa linawaka. Ndipo Verlyn alipofunga gesi ya hita ya maji, akakaza kizibo cha chuma kwenye bomba lake, akasema kuwa hita haitawashwa.

Sababu yake ilikuwa hii. Tanuri la zamani na hita zilitoa moshi kupitia dohani moja ya matofali iliyosimama kwenye ukuta wa kaskazini. Tanuri jipya halihitaji dohani; hutoa moshi wake uliokwisha kupoa kwa bomba la plastiki linalotokea ubavuni mwa nyumba. Hita ikabaki peke yake, moto mdogo chini ya dohani kubwa na baridi. Moshi wa moto kama huo hauna nguvu ya kupanda. Hurudi ndani ya nyumba, na huweza kuja na ile hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomkuta mtu usingizini na kumwacha huko huko. Chumba cha kulala cha Arne na Ardis kiko moja kwa moja juu ya hita. Dawa inajulikana: huteremshwa bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu ndani ya dohani. Mafundi wengine husahau, au husema wamesahau.

Verlyn alikuwa amemwambia Arne jambo hili tangu siku ya kwanza. Arne alijibu, "Tutaona," neno ambalo kwetu maana yake ni hapana.

"Dohani hii aliijenga baba yangu," Arne akasema sasa, wamesimama mbele ya hita.

"Najua."

"Aliijenga kwa mikono yake. Haijawahi kuvuja hata tone."

"Najua, Arne."

"Na wewe unataka kuichomeka bomba kama mgonjwa hospitalini."

"Dohani haiumwi. Moto ndio umepungua."

Verlyn akatoa kizibo, akaiwasha hita kwa muda mfupi, akawasha njiti ya kiberiti, akaizima, akaishika chini ya mdomo wa bomba la moshi. Moshi wa njiti ukasimama kama unaofikiri, kisha ukamrudia usoni.

"Njiti zako mbovu," Arne akasema.

Verlyn akachukua kiberiti cha Arne mwenyewe, kilichokuwa rafuni. Moshi ukarudi vile vile.

"Hizo zimekaa kwenye unyevu."

Verlyn akaizima hita, akarudisha kizibo, akaanza kukusanya zana.

"Unaniachia nyumba bila maji moto?"

"Nakuachia ukiwa hai."

"Nitaita mtu mwingine!"

"Mwite. Mwambie na yeye nilichokwambia."

Akamwita. Mtu huyo alifika na gari lililoandikwa maneno mengi ubavuni, akasema angali barazani kwamba hiyo ni kazi ya dakika tano. Ardis alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea viazi.

"Umeiona dohani, bwana?"

"Hakuna haja, mama. Nazijua hizi."

"Basi kwaheri."

Wakaishi bila maji moto. Arne alikwenda kuoga kila Jumamosi katika bafu la mvuke la jirani yetu Lahtela, mwenye asili ya Finland. Lahtela hakumuuliza lolote, kwa sababu Wafini hawaulizi, lakini Jumamosi ya tatu alimpigilia msumari wake mwenyewe wa kutundikia taulo. Ardis alichemsha maji katika sufuria kubwa ya kuwekea matango ya siki, akayabeba ngazini ndoo kwa ndoo. Alhamisi zote hizo Verlyn alikuja, wakacheza karata, wakala samaki wa kukaushwa kwa moshi, na hakuna aliyetaja hita. Kuna watu watakaosema huo ni ustaarabu. Mimi nasema ni ukaidi uliovaa shati safi.

Alhamisi iliyofuata Ardis alizilaza karata zao chini.

"Sikilizeni, nyinyi wazee. Mimi nanuka siki. Kesho Verlyn atapanda juu ya paa, atazame ndani ya dohani, aseme alichokiona."

Arne akapiga meza. "Sawa! Akikuta kazi mbovu hata mahali pamoja, aweke bomba lake. Asipokuta, aiwashe hita aende zake."

"Sikubali," Verlyn akasema.

"Ahaa, unaogopa."

"Ikiwa safi kama sahani, bomba bado litahitajika. Sitaki kushinda kwa jambo lisilohusika."

"Sasa utapanda kufanya nini?"

"Ardis ameniambia nipande."

Kesho yake kulikuwa na theluji nyepesi juu ya paa. Mimi nilishika ngazi. Verlyn alipanda na magoti yake yakilia, akainama juu ya mdomo wa dohani, akateremsha taa kwa kamba. Arne alikuwa chumba cha chini, kichwa amekiingiza kwenye kijimlango cha kutolea majivu. Sauti zao zilipita ndani ya matofali, na Ardis jikoni alizisikia zikipanda na kushuka ukutani.

"Unaona nini?"

Verlyn akainama zaidi.

"Verlyn! Umeganda?"

"Natazama."

Taa ikashuka taratibu, ikasimama, ikashuka tena.

"Viungo vya matofali vimesuguliwa laini," Verlyn akasema.

"Vya ndani?"

"Vya ndani. Sawa na vya nje."

"Nilikwambia! Huyo ndiye baba yangu, Mzee Halvor Sletten! Kwa hiyo ni safi yote?"

Nilimwona Verlyn akikunja uso. Angeweza kusema ndiyo, na rafiki yake angelala kwa furaha. Angeweza pia kupiga kelele kwamba amepata alichokuwa anakitafuta, na ubishi ungekwisha hapo hapo.

"Kuna donge moja la saruji," akasema. "Usawa wa dari ya jikoni."



"Kubwa?"

"Kama yai."

"Basi umeshinda," Arne akasema, na sauti yake ilitoka ndani ya dohani ikiwa ya mtu mzee kuliko alivyo. "Weka bomba lako."

"Sijashinda. Donge si sababu. Nitaligonga, litaanguka, habari imekwisha. Hata lisingekuwepo ningekwambia yale yale. Baba yako alijengea moto mkubwa. Moto huo mimi nimeuondoa, hukuuondoa wewe wala yeye."

"Ungeweza kunyamazia hilo donge."

"Ningeweza."

Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuninyima hisia za vidole, na wazee wale hawakuonyesha kuwa na haraka.

"Dohani nzima," Arne akasema mwishowe. "Donge moja."

"Moja."

"Na hilo la moto kupungua. Ni kweli kama donge?"

"Ni kweli kama donge."

"Basi shusha, mzee. Na usiikwaruze."

Bomba lilishuka kabla ya chakula cha mchana, Verlyn akilisukuma kutoka juu na Arne akilivuta kwa kamba kutoka chini, huku akitoa maelekezo ambayo hayakuhitajika. Hita ikaunganishwa na kuwashwa. Verlyn akapima kila alichopaswa kupima, akaridhika, jambo linalomtokea mara chache. Arne akalichukua lile donge majivuni, akalitazama pande zote, akalitia mfukoni.

Ardis hakungoja kuelezwa. Maji yalipopata moto alichukua taulo, akaingia bafuni, akafunga mlango kwa ufunguo. Nyumba ile ina bafu moja, na choo kimo humo humo. Sisi watatu tulikaa jikoni tukinywa kahawa, kikombe juu ya kikombe, na baada ya saa moja hapakuwa na mtu aliyekaa vizuri kitini.

Arne akaenda kugonga mlango.

"Ardis! U hai?"

"Ningali hai," sauti ikajibu. "Na maji moto bado yapo."