Ndulele, Ulezi na Kisu Kilichoungua

Mimi ni mtu wa kwanza kutoka upande wetu wa Manchira kurudi na diploma ya metali. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sijapata kumsikia mtu mwingine akilisema. Sikusomeshwa na baba wala na misheni. Nilianza kwa kufagia chumba cha kupimia dhahabu kwenye mgodi mmoja wa Tarime, nikaijua mizani kabla sijakijua vizuri Kiingereza. Miaka michache baadaye nilikuwa Uingereza, katika mji ambao mvua yake ilinuka makaa, nikiwa Mwafrika peke yangu darasani na wa pili kwa alama. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda.

Niliporudi, katikati ya miaka ya hamsini, baba mdogo aliyenilea aliulizwa kila mahali nimesomea nini. Lugha yetu haikuwa na jina la kazi yangu. Kwa hiyo alijibu, "Amesomea vyuma." Kwetu mtu wa vyuma ni mmoja tu, naye ni mhunzi.

Mhunzi anahitajika na kila mtu, na hakuna asiye mhunzi anayempa binti. Jembe lake linalima, mkuki wake unalinda ng'ombe, lakini watoto wake huoana na watoto wa wahunzi wenzake. Ndivyo nilivyokuta, na hata baada ya kuvuka bahari mara mbili nilikuta hivyo hivyo.

Maneno ya baba mdogo yalifika Mbalibali, kwa baba wa msichana niliyetaka kumwoa. Msichana huyo alikuwa akifunga vidonda kwenye zahanati ya misheni, na tulijuana siku niliyopeleka mkono wangu uliounguzwa na asidi. Aliniambia waziwazi kwamba ananitaka. Aliniambia vilevile kwamba baba yake asipokubali, hatoki. Kisha baba yake akatuma ujumbe: nije niseme mwenyewe mimi ni nani, naye atajibu siku hiyo hiyo.

Tulikwenda kwa baiskeli yangu, baba mdogo kakaa nyuma na mfuko wa sukari mapajani. Njiani nilisimama nikaanza kuchuma ndulele, yale matunda madogo ya mviringo ya porini. Nilitaka zilizolingana, kwa hiyo nilikuwa nikichuma tano na kutupa tatu.

"Mwanangu," baba mdogo alisema, "tunakwenda kuposa au kutibu ng'ombe?"

"Nakwenda kufundisha."

"Hawakuomba mwalimu."

Kabla ya kufika nilikuwa nimejaza kofia.

Mzee alitupokea uani kwake. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Dada yake, ambaye ni shangazi wa msichana, alichungulia ndani ya kofia.

"Wenzake huja na sukari na majani ya chai. Wetu kaja na ndulele. Huyu kasoma kweli."

Baba mdogo aliharakisha kutoa sukari, lakini tayari watu walikuwa wamecheka.

Niliomba ungo. Nilizipanga ndulele mstari kwa mstari, zikagusana, halafu nikaweka tabaka la pili juu yake, kila moja ikakaa kwenye bonde kati ya tatu za chini. Nikamwambia mzee kwamba metali yoyote, ukiigawa mpaka mwisho, utafika kwenye punje zinazoitwa atomu, na kwamba dhahabu, fedha na shaba zimepangwa ndani yake namna ile, kwa kubanana. Nikamwambia kwamba kila metali ina ukubwa wake wa atomu. Wataalamu wameziorodhesha kwenye jedwali: kwa kawaida ukienda kulia atomu hupungua, ukishuka chini huongezeka. Ukubwa hauamui kila kitu, lakini ndio unaoamua mara nyingi nani atapokewa kwenye mstari wa nani.

"Dhahabu na fedha zina ukubwa mmoja," nilisema. "Ukiondoa ndulele hii ukaweka ile, mstari haujui. Ndiyo maana huyeyuka pamoja kwa kiasi chochote."

Kisha nikaomba limau, nikalisukuma katikati ya ndulele. Mistari yote ikavunjika. "Hii ni risasi ndani ya shaba. Ni kubwa mno. Hata ukiziyeyusha pamoja, zikipoa zinatengana."

Mzee alisogeza kiti chake. Nikaomba ulezi, nikanyunyiza punje chache juu ya ungo. Zilizama kwenye mianya, ndulele hazikusogea. "Na hii ni kaboni, ya makaa, ndani ya chuma. Chuma kikiwa baridi hakijabanana hivi, lakini mianya yake ni finyu na mingi. Kikiwa chekundu, atomu zake hujipanga upya, zinabanana kama hizi, na ajabu ni kwamba mianya huwa michache lakini mipana. Kaboni inaingia. Ukikipoza ghafla inanaswa humo, na chuma kinakuwa kigumu."

Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile, na nimefundisha wengi tangu hapo.

"Hayo umeyaona kwa macho?" mzee aliuliza.

"Nimeona picha zake. Zilipigwa kwa mionzi, kama ile ya hospitali inayoonyesha mifupa."

"Na kwa mkono?"

"Sishiki nyundo, mzee. Mimi huangalia, hupima na huandika."

Mzee alimgeukia baba mdogo. "Kumbe huyu ni karani."

"Karani wa vyuma," baba mdogo alisema upesi. "Ndivyo nilivyokuwa nataka kusema siku zote."

Watu wakacheka tena, safari hii pamoja nasi. Karani anaoa popote. Mzee akaita kuelekea ndani ya nyumba, maziwa yaletwe. Msichana akatoka na kibuyu, akakiweka chini kati ya baba yake na baba yangu mdogo, bila kunitazama, lakini niliona alivyokuwa anabana midomo isicheke. Kilichobaki ni kunywa tu, na posa ingekuwa imekubaliwa.

Shangazi ndiye aliyesema. "Karani kweli. Anakijua chuma kwa karatasi, na kwa ndulele." Aliingia ndani akarudi na kisu kisicho na mpini. Kilikuwa kimetolewa kwenye ghala lililoungua mwaka uliotangulia. "Hiki kimekuwa laini, hakikati hata mlenda. Kiandikie barua kiwe kigumu tena."

"Acha," baba mdogo aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilikiangalia kile kisu. Nilijua tatizo lake kabla sijakishika: moto wa ghala ulikipasha, kikapoa polepole, kaboni ikatoka mahali pake. Nilijua pia dawa yake. Nilikuwa na plaisi ya kukishikia motoni kwenye mfuko wa vifaa vya baiskeli.

Nilisogeza makaa ya jiko la nje, nikayapuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka kisu kikawa chekundu kama pilipili iliyoiva. Nikakitumbukiza kwenye chungu cha maji. Nikakisugua kwa jiwe, jiwe likateleza: kilikuwa kigumu. Nikang'arisha upande mmoja, nikakirudisha juu ya makaa taratibu ili kisivunjike, na rangi ya majani makavu ilipotokea nikakipoza tena, nikakinoa. Kilinyoa vinyweleo vya mkono wangu kwa mkupuo mmoja. Hakuna mtu katika wilaya nzima ambaye angeweza kufanya hivyo na akakueleza sababu.

Nikamnyooshea mzee. Hakupokea.

"Weka chini," alisema.

Nikaweka chini.

"Umefanya vizuri sana. Nikipata kazi ya chuma nitakutafuta."

"Mzee, sikupiga nyundo hata mara moja."

"Moto, mvukuto, koleo, maji," alisema, akihesabu kwa vidole. "Nyundo uliisahau nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alijaribu kusema jambo kuhusu karani, halafu akaenda kuishika baiskeli. Shangazi alikuwa akiangalia miguu yake. Maziwa yalirudishwa ndani na kibuyu chake, hayajaguswa.

Niliokota ndulele moja moja, nikairudisha pampu mahali pake. Nilisubiri hasira, haikuja. Nilikuwa naona wazi kila kitu kilichokuwa uani, kuku, kinu, kamba ya ndama, na hakuna hata kimoja kilichonihusu.

Moto wa mhunzi haubaki kwenye boma. Msichana ndiye aliyetumwa kuuzoa. Alitupita mlangoni mwa boma tukiwa tunafunga mfuko kwenye baiskeli, kabeba makaa na majivu kwenye kigae. Akasimama.

"Ungesema tu hujui," aliniambia.

"Lakini najua," nilisema.

Alinitazama kidogo. Kisha akasogea hatua chache kule upepo ulikokwenda, akamwaga majivu, akarudi ndani.