Karatasi ya Mmea wa Simi-Simi

Mnisamehe mwandiko huu na makosa yake. Juzi niliona ramani yenye nukta kila mahali ulipochumwa na kuandikwa mmea fulani wa utomvu mweupe. Nukta moja ilikuwa Simi-Simi, tulikokaa wakati wa vita. Nikakumbuka alasiri moja ya siku hizo, tonton, mjomba wangu mkusanya mimea, akiulaza mmea huo ndani ya magazeti yenye harufu ya ukungu, kisha akaandika kwenye kikaratasi jina la mmea na mahali alipouchuma.

Askari barabarani walidai karatasi kwa kila mtu, basi nikauliza, "Tonton, hii ni karatasi yake ya kupita?"

Akacheka. "Ee, mutoto! Bila karatasi, hata majani haiwezi kupita."

"Bon, uniandikie na mimi, niende kwa mama, kule Opala."

Akaacha kucheka, akaniandikia.

Sikuitumia; mama alirudi mwenyewe, kwa mtumbwi. Lakini hadi leo ramani haina nukta Opala. Mkiuona mmea huo kule, mniandikie.