Nilivyomhamisha Dada Yangu

Nilihamisha blogu kwa sababu ya jina. Lile la zamani tulilichagua mimi na dada yangu mkubwa, tukicheka, na maana yake ilikuwa sisi wawili. Dada alipofariki nikawa siwezi kuliandika bila mkono kukataa. Basi nikachukua jina jipya, langu peke yangu, nikaambiwa la zamani litafungwa Ijumaa. Nikasema potelea mbali, lifungwe.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nyumbani wanajua. Nilianza kazi Jumatatu mchana, chumbani kwangu Milimani, Kisumu, nyuma ya nyumba kubwa ya wenyewe. Madirisha nilikuwa nimeyafunga kwa sababu wadudu wa ziwa walikuwa wametoka, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi. Walijaa kwenye kioo hadi mchana ukawa wa kijivu, na nikalazimika kuwasha taa.

Kuhamisha blogu si kazi ya ajabu. Unapakua kila kitu kutoka anwani ya zamani, unakipakia kwenye mpya, unangoja. Makala zangu zilifika salama, mapishi yangu yote na malalamiko yangu yote. Za dada sikuziona. Yeye alikuwa akiandika kwa simu kutoka Usenge, kijijini kwetu, ameketi kando ya nyavu alizoanikia omena wake, wale dagaa wa ziwani, na ndiye wasomaji waliyekuwa wakimfuata, wacha niseme ukweli. Nikatafuta jina lake, hakuna kitu. Nikatafuta neno omena.

Zilikuwepo, zote. Ila chini ya kila moja paliandikwa jina langu.

"Leo nimeamka kabla ya jua na mgongo unaniuma kwa kuinamia omena," ilisema moja, na mwandishi ni mimi. Mimi sijaanika omena hata siku moja, harufu yake yenyewe huniumiza kichwa. Nyingine ilikuwa ya siku aliyoacha ndoa yake: "Nimerudi kwa Mama na sanduku moja, na sijutii." Mwandishi ni mimi. Wee! Nilikuwa najisoma nikiwa marehemu. Nikageuka kuangalia mlango kama mtu aliyeitwa.

Nikafuta, nikapakia upya. Yakawa yale yale. Mara ya tatu niliipiga meza kofi, nikafungua anwani ya zamani nione kama akaunti yake ina kasoro. Chini ya picha yake palikuwa na mstari mdogo: ameingia mara ya mwisho Jumapili.

Jumapili, yaani jana. Na dada alikuwa na miezi minane kaburini.

Nilizima kompyuta na sikuigusa tena hadi Jumatano. Nilikuwa naogopa, sina haja ya kuficha.

Hilo kaburi lenyewe lazima nilieleze. Kwetu, binti aliyeolewa akarudi hazikwi ndani ya boma la baba yake. Dada alizikwa nje, upande wa pili wa ua wa minyaa, mahali ng'ombe hupita wakienda kunywa maji. Aliyeonyesha pa kuchimba ni baba mdogo, aliyebaki mkubwa wa boma baada ya baba kufa. Siku ya mazishi, njia nzima kutoka Kisumu nilikuwa nimeapa kwamba leo watanitambua. Nilipofika nilishika mkono wa Mama, nikanyamaza. Mama naye akanyamaza. Tangu siku hiyo kitu hicho kilinikaa kooni, kwamba nilimwona dada akiwekwa nje na sikufungua mdomo.

Jumatano nilipowasha kompyuta, niliona makala moja ambayo sikuijua. Mzigo niliouhamisha ulikuwa umebeba hata rasimu, yale maandishi ambayo mwandishi hakuwahi kuyatoa. Ilikuwa ya wiki chache kabla dada hajaugua.

"Nikitangulia mimi, mniweke karibu na jikoni la Mama. Nataka kumsikia akivunja kuni asubuhi. Baba mdogo atasema mila. Na wewe mdogo wangu utakaa kimya, nakujua. Ukali wako ni wa kwenye simu."

Chini yake, jina langu. Ilikuwa kana kwamba nimejiandikia mwenyewe na kujitukana mwenyewe. Nililia hadi kifua kikauma.

Nilipotulia ndipo nikasoma maelezo ambayo mtu mwenye akili husoma kwanza. Blogu mpya haimjui mtu ambaye hajafunguliwa nafasi yake kabla ya mzigo kuingia. Maneno ya mwandishi asiye na nafasi hupewa mwenye nyumba. Kumbe hakuna jini. Nilikuwa nimejenga boma jipya nikaingia peke yangu mbele ya mkubwa wangu, jambo ambalo kwetu ni mwiko, na dada nikamwacha nje mara ya pili. Na Ijumaa anwani ya zamani ikifungwa, mahali pa mwisho penye jina lake chini ya maneno yake pangekwisha.

Ili kumfungulia nafasi ilibidi atumiwe mwaliko, na mwaliko unakubaliwa na mwalikwa mwenyewe. Alhamisi asubuhi niliandika anwani yake ya barua pepe. Palikuwa na nafasi ya ujumbe mfupi, nikaandika: "Dada, tumehama. Ingia ndani." Nikatuma. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea neno moja: anasubiriwa.

Nilikaa nikilitazama kama mjinga. Nje wadudu walikuwa wakigonga dirisha taratibu. Nilichemsha chai sikuinywa. Ilipokaribia saa sita nilipepesa macho, na neno likawa limebadilika.

Amekubali.

Niliruka kutoka kitini hadi mlangoni, miguu mitupu. Hapo hapo simu ikalia. Mama.

"Nyathina, mwanangu, simu ya dada yako imelia. Imeuliza kama anakubali kuingia. Nimebonyeza ndiyo."

Sikujua kwamba simu hiyo bado inaishi. Mama alisema huipeleka sokoni Jumamosi ikachajiwe, na Jumapili akitoka kanisani huifungua asome. Ile Jumapili ilikuwa ni yeye.

"Nimebonyeza vibaya?"

"Hapana, Mama."

Nilipakia mara ya mwisho nikiwa naye hewani. Jina la dada likajipanga chini ya kila neno lake. "Ameingia, Mama," nikamwambia.

"Haya," akasema. "Sasa na huku mweke karibu na jikoni. Aliniomba."

Mimi sikuwa nimemwambia mtu habari za jikoni. Mama alikuwa ameisoma ile rasimu kila Jumapili, peke yake, tangu tulipomzika dada.

Ijumaa, jina la zamani likifungwa, sikuwa kwenye kompyuta. Nilikuwa Usenge, nimesimama mbele ya baba mdogo, nikimsomea rasimu yote, hata pale anapotajwa yeye. Alisikiliza akiangalia chini.

"Kaburi halifukuliwi," akasema.

"Sijasema tufukue, Baba. Naomba tusogeze ua."

Alinigeuzia mgongo akauangalia ua, nikadhani nimefukuzwa. Kisha akasema, "Ua huo nilipanda mimi," akaenda kuleta panga.

Tulikata matawi ya minyaa tukayachomeka upya, tukilizunguka kaburi kwa nyuma, na utomvu ukatuganda mikononi. Tulipomaliza, tukavunja kipande cha ua wa zamani kilichokuwa kati ya kaburi na boma. Mama alikwenda jikoni akatoka na kigoda na mzigo wa kuni, akaketi penye kichwa cha kaburi, akaanza kuzivunja moja moja, kwa nguvu, nyingi kuliko zilizohitajika kupika chakula cha siku ile.