Kimstari cha Bi Chujio

Ofisini kwetu, hakuna programu iliyoingia ghala la pamoja la kompyuta zetu bila kupitia kwa Bi Chujio. Jina hilo tulimpa sisi, naye alilijua. Miaka ishirini na miwili aliketi pale dirishani, miwani puani, akiturudishia makosa yetu bila huruma: "Hapa umelipua, mwanangu. Rudia."

Alipokaribia kustaafu alitangaza kwamba hataki kuagwa. "Nikisikia harufu ya keki tu, hamnioni." Hakuwa anatania. Siku alipopandishwa cheo aliikimbia sherehe yake mwenyewe kwa ngazi za nyuma.

Sisi nasi vichwa vigumu. Mipango niliiandika kwenye faili, nikaliita "#kumuaga", na alama ya reli mwanzoni ili likae juu ya mengine. Kisha nikaliongeza kwenye orodha ya mafaili ambayo kompyuta isiyapeleke ghalani. Nilijiona mjanja kweli! Keki, hotuba, zawadi ya viatu, na chini kabisa: "Saizi ya mguu wake hatuijui."

Kesho yake Bi Chujio akapita kati ya meza zetu akifoka: "Wauza viatu wa siku hizi! Navaa thelathini na tisa, wananiletea arobaini!"

Tulikanyagana miguu chini ya meza kwa furaha. Mungu si Athumani.

Ijumaa, siku yake ya mwisho kazini, tulimpokea kwa vigelegele. Akashika kifua. "Jamani, mnataka kuniua?" Alilia, akala vipande vitatu vya keki, akacheza muziki amevaa viatu vyake vipya mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Jumatatu nilifungua ile orodha nifute jina la faili langu. Mbele ya reli palikuwa na kimstari kinachoinamia nyuma. Sikukiweka mimi. Masikio yakaniwaka moto, maana nilikumbuka: mstari unaoanza na reli, kompyuta huuona ni maelezo ya watu tu, ikauruka. Lazima kimstari kile kitangulie ndipo ijue reli ni sehemu ya jina. Basi faili langu lilikwenda moja kwa moja mezani kwake! Kumbukumbu zilionyesha alilitoa na kukiweka kimstari saa mbili asubuhi, siku ile ile ya kelele za viatu.

Nikampigia. "Mama, ulijua?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Nilishaomba ruhusa ya Ijumaa nitoroke, mwanangu. Halafu nikasoma mnavyouhangaikia mguu wangu. Ningekimbiaje peku?"