Gari ya Mkwe

Ukinunua gari kwa mtu baki, unaita fundi. Anafungua boneti, analala chini ya gari, anaizungusha barabarani mpaka aridhike. Ukinunua kwa mkwe wako je? Unamwambia, "Mkwe, ngoja nimlete fundi aangalie kama wewe ni mwongo"? Huku kwetu hiyo huwezi. Nikanunua kwa heshima, na heshima hiyo, jamani, mpaka leo imenikaa kooni.

Mkwe huyo ni baba yake mume wa binti yangu. Binti alikuwa amerudi kwangu Buhongwa kusubiri kujifungua mtoto wa kwanza, na daktari alishatuambia mtoto ametanguliza makalio: uchungu ukianza tu, mkimbizeni hospitali mjini. Ndiyo sababu nilitaka gari. Mkwe aliijua sababu hiyo, nilimwambia kwa mdomo wangu. Akapapasa usukani wa gari yake ndogo nyeupe, ya oto, inayojibadilishia gia yenyewe, akasema, "Chukua hii, mkwe. Haijawahi kunisumbua." Tukaijaribu asubuhi na mapema, barabara tupu, kibaridi cha ziwani. Ilikwenda laini kabisa.

Wiki haikuisha. Jua lilipowaka, gia ikawa haishiki. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari inatambaa. Mara inashtuka kana kwamba umepigwa teke kwa nyuma. Nikampigia. "Ni uendeshaji wako, mkwe," akasema. "Nyie kina mama mnakanyaga sana." Mimi! Mimi niliyebeba dagaa kutoka mwaloni, wanakoshusha mitumbwi, kwa pikapu ya gia za mkono, mwanawe hajaota hata ndevu!

Jirani akaniunga kwenye kundi la simu la wenye magari ya aina ile. Loo, vilio vitupu! Mmoja wa Igoma gia ya tatu haiingii. Mwingine wa Pasiansi, rivasi imegoma getini kwake mwenyewe. Wote wimbo mmoja: ikipata moto tu, gia boksi inaachia. Hapo nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilishajifunga kitenge niende nikamseme mbele ya mkewe, binti akanishika mkono. "Mama, nyamaza. Mimi ndiye ninayerudi kuishi nao." Nikanyamaza. Fundi akabadilisha mafuta ya gia boksi, gari ikatulia kidogo, nikajidanganya imepona.

Uchungu ulimshika saa nane mchana. Tumeshapita Mkolani, barabara inaanza kupanda, gari ikaachia. Nakanyaga, inalia, haisogei. Ikaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu lori la ng'ombe linapiga honi. Binti kiti cha nyuma anang'ata kanga. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka nalia kwa hasira, nikasimama katikati ya barabara nimenyoosha mikono mpaka bajaji ikasimama. Kila shimo binti alipiga kelele, na kila kelele nilimlaani mkwe kwa sauti. Dereva alidhani namlaani yeye, akazidi kuongeza mwendo.

Tulipofika walimkimbiza moja kwa moja kumpasua. Mtoto alitoka hajalia. Nilikaa kwenye benchi nikiwa sina hata dua ya kusoma, ni hasira tu, mpaka nesi akaja kuniambia sasa amelia.

Kesho yake mkwe akaingia wodini, shati limenyooshwa, na chupa ya supu. Nilimkaribisha vizuri. Nilikuwa nimejiapiza kwa ajili ya binti kwamba sitatoa neno.

"Gari iko wapi?" akauliza, hata mtoto hajamtazama.

"Ilitufia kwenye kilima, tunakuja huku."

Akatikisa kichwa. "Sasa mkwe, hukuiacha ipoe kwanza? Ile ikipata moto unaizima, unasubiri kama nusu saa, inashika yenyewe. Mimi ndivyo nilivyokuwa nafanya."

Mkavu wa macho! Nikafungua mdomo, lakini binti akaniwahi, yuleyule aliyeninyamazisha. Alikuwa amelala chali na mshono wake, mtoto kifuani.

"Baba," akasema taratibu, "hiyo nusu saa angeisubiri nani? Mimi, au huyu?"

Mkwe alishanyoosha mikono apewe mjukuu. Akabaki ameinyoosha hivyohivyo, na hakuna aliyempa.