Upande wa Sinia Usiokaliwa

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale wakati sinia likitandikwa juu ya mkeka, bila shaka mnaikumbuka harufu ile. Wali wa nazi unafunuliwa, mvuke unapanda, na mchuzi wa papa umemiminwa katikati. Tulikuwa watoto wengi nyumbani kwa bibi yangu, Bi Zuhura, nyumba ya ghorofa yenye kuta nene za mawe na vyumba vya ndani visivyoingia jua hata saa sita mchana. Tulilizunguka sinia magoti yakigusana, ila upande mmoja, ule wa ukutani. Upande huo hakukaa mtu. Hata tubanane mpaka wengine wakala kiubavu, bibi hakutaka kusikia. Nafasi ile iliachwa wazi, na wali wa mbele yake haukuguswa.

Hatukuuliza. Enzi zetu mtoto aliyeuliza sana alipewa kazi ya kufanya. Tena njaa haikutupa nafasi. Asubuhi tumekwenda shule Tononoka kwa miguu na kurudi kwa miguu, mchana tumekaa chuoni tukisoma Kurani mbele ya mwalimu na fimbo yake ya henzirani, alasiri tumetumwa Marikiti tukalete nazi na mchicha, nasi njia nzima tunacheza kibe, tukijificha na kutafutana vichochoroni, midomo myekundu kwa mabuyu. Jioni tulifika kwenye sinia tumekauka, na hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Leo mama anamfuata mtoto na kijiko nyumba nzima kama mgombea anayetafuta kura.

Bibi alikuwa na taratibu zake za kula. Kwanza bismillahi, kwa sauti, kila mmoja na yake. Mdogo asiyeweza kumega tonge alilishwa na bibi mwenyewe, na hapo hapakuwa na mchezo. Alilishika tonge mbele ya macho ya mtoto, akangoja.

“Tizama mkono,” alisema. “Usifungue kanwa mpaka uuone mkono, na uujue ni wa nani.”

Mtoto akigeuka kumwangalia paka, tonge lilirudi siniani. Na kabla ya kuinuka, kila mmoja aliulizwa kama ameshiba. Ulitakiwa uweke mkono tumboni, ufikiri, kisha ujibu kwa kinywa chako kwamba umeshiba, alhamdulillahi. Ukijibu chini chini, unarudishwa. “Sema usikike,” bibi alisema. “Si mimi peke yangu ninayesikiza.” Tulidhani anamkusudia babu, aliyekuwa akila chini na wageni wake.

Halafu kulikuwa na jambo la taa. Stima ilikatika ovyo siku zile, na hilo peke yake halijabadilika. Giza likiingia katikati ya chakula, bibi alitoa neno moja tu, “Inueni,” na mikono yote ilitoka siniani ikawekwa vichwani. Tulikaa hivyo mpaka kandili iwashwe. Mtu hakumega gizani nyumbani kwetu.

Jioni moja baada ya Magharibi stima ilikatika, tukainua. Najua dada yangu Saumu aliinua, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa sikioni mwangu. Tukanyamaza. Ndipo tukausikia wali. Mnaijua sauti ya wali unapokusanywa kwa vidole, ukafinywa ukawa tonge. Ni sauti ndogo, yenye unyevunyevu. Ilitoka upande wa ukutani, bila haraka, kisha ikaja tena. Binamu yangu mmoja alicheka akidhani ni mwenzake, na hakuna aliyecheka naye.

Kandili ilipowaka, wali wa upande ule ulikuwa na shimo, na sisi watoto sote tulikuwa na mikono vichwani na punje nyweleni. Bibi hakushtuka. Alichukua kipande cha papa akakisogeza kule.

“Huyo hashibi,” alisema. “Hana ubaya na mtu. Ana huruma, ndiyo balaa yake. Akimuona mtoto kanwa wazi na mato kwengine, humlisha. Na anayelishwa naye hajui tena kushiba.”

Tukaendelea kula. Nilikuwa na umri wa kuamini, nikaamini. Nilipokua nikaona ni ujanja wa wazee wa kutufunza adabu, nikaacha kuamini. Bibi alipofariki, tulinunua meza.

Nyumba ni ileile, ila sasa mwenye mvi ni mimi. Naishi na binti yangu Fatma, anayefanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mtoto wake Nasra, wa miaka minne. Nasra alinenepa. Kwa muda mrefu hatukulitamka neno hilo. Tulisema ana afya, mashallah, tukamfinya mashavu na kuona fahari. Hadi alipoanza kupumzika katikati ya ngazi, akihema, mkono ukutani, kama mtu wa umri wangu. Daktari alimwambia Fatma waziwazi kwamba uzito ule unamwelemea mtoto, kwamba ukiachwa utamletea sukari na ugonjwa wa moyo, kisha akamuuliza kwa nini hatuachi kumlisha anaposhiba. Fatma alilia njia nzima. Hakuweza kulijibu swali lile, kwa maana Nasra hakuwahi hata siku moja kusema ameshiba.

Alikuwa akila kwa simu. Nyinyi vijana mnajua inavyofanywa, maana mmeivumbua wenyewe. Simu inasimamishwa mbele ya mtoto, katuni wanaimba, macho yanaganda pale, na kinywa kinafunguka chenyewe kila baada ya muda. Ukiweka wali, kinafunga. Ukiweka ndizi, kinafunga. Nadhani ungeweka kitambaa cha meza angekitafuna. Kijiko hakushika, na hakutazama nani amekaa mbele yake. Tuliona ni maendeleo, kwa kuwa bakuli lilikwisha bila vita.

Jumamosi moja akaja msichana wa chuo kikuu, mpole, mizani kwapani, akipita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti juu ya ulaji wa watoto. Alitusalimu vizuri, akaulizia hali za wote, akampima Nasra. Kisha akaomba tumweleze mtoto alikula nini jana, na nani alimlisha. Asubuhi Fatma, kabla ya kwenda kazini. Mchana Kadzo, anayetusaidia kazi za nyumba. Usiku mimi.

“Na alasiri?” aliuliza.

“Alasiri ni bibi,” alisema Kadzo, akinitazama mimi.

“Alasiri mimi nalala,” nikasema. “Nilidhani ni wewe.”

“Mimi naanua nguo juu, bibi. Naacha bakuli la wali limefunikwa jikoni. Nikishuka nalikuta chumba cha ndani, kando ya mtoto, tupu. Kila siku. Nami nasema moyoni, bibi huyu ampenda mjukuu wake.”

Fatma alitutazama sote wawili. Saa hizo yeye yuko bandarini.

“Labda hula mwenyewe,” alisema yule msichana.

“Hajui kushika kijiko,” Kadzo akamjibu. “Na mikono yake naikuta mikavu.”

Msichana akamwinamia Nasra, aliyekuwa mkekani na simu. “Nasra, mamangu, alasiri nani hukulisha?”

Nasra hakuinua macho. Alifungua kinywa, akangoja.

Wote watatu walicheka. Mimi niliogopa, wala sioni haya kusema. Sheria yote ya bibi, ambayo nilikuwa nimeifanya hadithi ya kuchekesha wageni, ilinirudia na harufu yake ya papa.

Jumatatu alasiri sikulala. Nilikaa mlangoni mwa chumba cha ndani na tasbihi yangu. Nje jua kali, sauti za watu kichochoroni, na humo ndani kiza kilekile cha zamani. Nasra alikuwa mkekani na katuni zake. Bakuli sikuliona likija. Nadhani nilisinzia kidogo, kwa sababu nilipotazama tena lilikuwa pale, limefunuliwa. Nasra aligeuza shavu kidogo upande wa ukuta, macho bado kwenye simu, akafungua kinywa. Akafunga. Akatafuna. Hakuwa akiigiza, niliona koo likimeza. Kisha chaji ikaisha, simu ikazimika, katuni wakanyamaza, na katika ukimya ule nikaisikia sauti ndogo yenye unyevunyevu, ya wali unaofinywa.

“Inueni,” nilisema. Neno lilitoka kwa sauti ya bibi.

Sauti ile ikakoma.

Meza tulimpa jirani wiki ileile. Sinia lilikuwa juu ya kabati, nikalisugua kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa. Fatma alinigombeza sana. “Mama, bila simu hali. Atakonda huyu.” Nikamwambia na akonde kidogo, ndicho daktari alichotaka. Sikumwambia mengine. Nasra alilia, akagaragara, akatupa vitu. Nilisema bismillahi kwa sauti, nikashika tonge mbele ya macho yake, nikangoja kama nilivyongojewa mimi. Alipoutazama mkono wangu, nilimpa. Alipogeuka, tonge lilirudi. Mkono uliniuma hadi begani, na siku nyingine tulilia sote wawili. Polepole akaanza kututazama usoni. Akaanza kumega mwenyewe, vibaya, punje mpaka masikioni, nami nilimwona mzuri kuliko siku zote.

Juzi tulikuwa tunakula, mimi, Fatma, Kadzo na yeye. Wali ulikuwa umebaki mbele yake. Nikamuuliza kama ameshiba. Aliweka mkono tumboni, akakunja nyusi, akafikiri.

“Nimeshiba,” alisema.

Fatma alifunika uso kwa leso akalia kwa furaha, kwa maana ngazi sasa Nasra anazipanda bila kupumzika, na neno lile tulilingoja kuliko dawa. Nami machozi yalinitoka. Lakini mtoto hakuwa ametuelekea sisi. Alikuwa amegeukia ukutani, na kama mtu aliyeona hakusikika, alisema tena, kwa sauti zaidi.

Watoto wa leo wana vyakula ambavyo sisi hatukuwahi kuviota, na wasomi wanaopita na mizani kuuliza wamekula nini. Sisi tulikuwa na wali, papa, na mwanamke mmoja mkali wa kutuuliza kama tumeshiba. Natamani bibi angekuwapo nimuulize yale ambayo sikuthubutu. Mwalimu wangu wa chuoni angenichapa kwa nifanyayo, lakini kila tunapokula nasogeza kipande cha samaki upande wa ukutani, na hakai mtu hapo. Tunabanana, magoti yanagusana, kama zamani. Nasra huweka mkono tumboni, husema ameshiba, kisha hukaa kimya kidogo akisikiliza, na hainuki mpaka ajibiwe.